Gitaa la Kukwaruza na Mchumba Wangu wa Mlandege

Mchumba wangu alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi pale Mlandege, mjini Iringa, na sijapata kuona mtu anayejisikia vile kwa kazi ndogo namna ile. Alijua vipande vichache, vyote vya kuiga, akavirudia kila Jumamosi amefumba macho kama anayeona malaika. Wasichana wa Iringa walimpenda. Nisiseme uongo, hata mimi mwanzoni.

Kaka yangu alikuwa fundi wa reli Mbeya. Kwa Wazambia aliofanya nao kazi alipata santuri ambazo redio yetu isingezipiga ng'o: za vijana wa Lusaka, na za Wazungu wenye nywele ndefu. Nilipokwenda kumsalimia akaweka moja kwenye gramafoni. Nilikuwa na sufuria mkononi, nikasahau kuitua. Gitaa lilikwaruza, zito, kama msumeno wa Mufindi ukiingia kwenye gogo bichi. Halafu sauti moja ikavutwa, ikavutwa, haifi, mpaka ikaanza kulia yenyewe. Santuri ya pili gitaa lake lilikuwa kavu, la kukatakata. Hilo sikulijali. Nilitaka lile la msumeno, linalotetemesha bati.

Nikaiazima santuri ile, nikampelekea mchumba. Alisikiliza kidogo tu, akainua sindano kwa vidole viwili kama mtu anayetoa inzi kwenye chai.

"Spika yao imepasuka," akasema. "Hawa hawajui kupiga."

"Basi wameipasua makusudi. Hebu sikiliza tena."

"Wewe mwanamke unajua nini habari ya gitaa?"

Nikachukua santuri ya kaka.

Pasaka bendi yao ikaalikwa Mbeya, nami nikafuatana nao. Ukumbini walikuwapo Wazambia wa reli pamoja na kaka, na mmoja wao akamwomba mchumba wangu apige ule mtindo wa kwao. Yule yule aliyesema hawajui kupiga akatabasamu: "Hiyo ndiyo kazi yangu, bwana!"

Akafungulia amplifaya hadi mwisho. Kikatoka kilio kama cha nguruwe anayeburutwa. Akasogea karibu na spika, kilio kikazidi. Akaipiga teke, kikazidi tena. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ilibidi kiongozi wa bendi achomoe waya.

Kaka akanigeukia. "Mdogo wangu, huyu ndiye shemeji?"

"Alikuwa," nikamjibu.

Tulipokuwa tunarudi Iringa mchumba alilalamika njiani mpaka tukapita Nyololo: umeme wa Mbeya mbovu, amplifaya kuukuu, Wazambia walevi. Kila kitu kilikuwa na kosa isipokuwa vidole vyake. Angesema tu kwamba hajui, ningemshika mkono na pengine ningeolewa naye. Nikatazama dirishani, nikamwacha ajisemee.

Nilipovunja uchumba mama alilia. "Unamwacha mtu kwa ajili ya kelele?"

"Kwa ajili ya porojo zake, mama."

Mwaka ule ule nikahamia Mbeya kwa kaka, nikapata kazi ya kushona sare za shule. Jumapili baada ya ibada tuliweka santuri, na jirani yetu, mzee wa kanisa, akagonga ukuta akiuliza kama tunachinja mtu. Kaka, kwa adabu zake, akapunguza sauti. Alipotoka kwenda kuomba radhi, mimi nikaiongeza.