Siku Nilizompeleka Ayeeyo Malka

Jumamosi iliyopita tairi langu la nyuma lilitoboka katikati ya mashamba, na nilipofungua gundi ya kuzibia pancha harufu yake ilinipanda puani mara moja: kali, tamu kidogo, kama petroli iliyochanganywa na peremende. Nilikaa pale chini, tyubu mapajani, wenzangu wakinisubiri, nami nikawa nimerudi kwenye umri wa miaka kumi na mbili.

Sisi ni kikundi cha watu tisa hapa Garissa. Wengi ni walimu, mmoja ni muuguzi, mmoja anauza dawa za mifugo. Kila Jumamosi baada ya swala ya alfajiri tunatoka na baiskeli zetu kabla jua halijawa kali, kwa raha tu, bila haja ya kufika popote. Wiki ile tulikuwa tumeombana kwenye WhatsApp kila mtu aweke picha ya baiskeli yake na kutaja njia anayoipenda, ile isiyopita magari. Wengine walijisifia gia na breki. Mimi niliandika: njia ya malka. Muuguzi akauliza nani alinifundisha njia hiyo. Nilianza kumjibu, nikaona jibu halitoshi pale. Basi nawaeleza ninyi.

Baiskeli yangu ya kwanza haikuwa yangu. Ilikuwa ya kaka yangu Abdi, ambaye naye alipewa na mwalimu mmoja aliyekuwa akihama. Ilikuwa ya kijani, nzito kama kitanda, na haikuwa na lile bomba la juu. Wenzake Abdi waliiita baiskeli ya mama, wakamcheka mpaka akaichukia. Alipokwenda shule ya bweni aliniambia, "Hodan, ichukue. Ikivunjika usiniambie."

Nilijifunza nyuma ya nyumba, kati ya banda la mbuzi na ukuta wa miba, wakati Hooyo, yaani mama yangu Halima, akiwa sokoni anauza maziwa ya ngamia. Nilianguka hata nikazoea ladha ya vumbi. Lakini asubuhi moja miguu iliacha kuniuliza ifanye nini, na baiskeli ikaenda. Nilizunguka banda mara kumi. Mbuzi walinitazama wakitafuna, bila kushangaa hata kidogo, na mimi nilitamani hata mbuzi mmoja tu ashangae.

Aliyeshangaa ni jirani yetu, Mama Deeqa. Alinichungulia juu ya ukuta, na kabla ya adhuhuri bulla nzima, yaani mtaa wetu wote, ilikuwa imepata habari kwamba binti wa Halima ameonekana akiendesha baiskeli. Hooyo hakunipiga. Aliichukua ile baiskeli, akaiingiza kwenye stoo ya mkaa, akafunga kufuli.

"Wewe ni msichana mkubwa sasa," alisema. "Watu wana midomo."

Aabo, baba yangu, alikuwa na duka Takaba, mbali sana kaskazini, na alikuja nyumbani mara moja moja tu. Hooyo alikuwa peke yake na sisi, na kila alichofanya kilitazamwa na kupimwa. Mimi sikuliona hilo. Niliona kufuli tu. Kwa siku kadhaa nilikwenda kuchungulia kwenye ufa wa mlango wa stoo, nikaona kipande cha rangi ya kijani gizani, nikalia.

Ndipo Ayeeyo alipokuja. Alikuwa mama yake Hooyo, na maisha yake yote aliishi na mifugo upande wa Hulugho. Ukame ulimmalizia karibu mbuzi wote, na mjomba akamleta kwetu apumzike mpaka mvua inyeshe. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mikono yake ilikuwa migumu kama kamba. Alikaa barazani siku tatu akinywa chai na kusema machache. Chakula alikionja tu. Alasiri mbuzi wa majirani walipopita njiani, alinyanyua shingo kuwahesabu, kisha akainamisha kichwa tena.

Kazi yangu ilikuwa kumpaka mafuta ya simsim miguuni baada ya shule. Siku ya nne aliniuliza kwa nini macho yangu yamevimba. Nikamwambia yote: baiskeli, Mama Deeqa, kufuli, kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu.

"Hicho chuma, kinaweza kubeba watu wawili?"

"Kina keria nyuma, Ayeeyo."

"Haya. Paka na kisigino."

Kesho yake, Jumamosi, tukila canjeero, zile chapati zetu laini za asubuhi, Ayeeyo alisema anataka kwenda malka, pale mtoni mifugo inaposhukia maji. Alitaka kuona wanyama wakinywa. Hooyo alifurahi, maana ndiyo mara ya kwanza mama yake kutaka kitu. Akasema ataita teksi.

"Gari linanitapisha."

"Basi mkokoteni wa punda."

"Mimi ni gunia la mkaa?"

"Hodan atakusindikiza, mtembee polepole."

"Magoti haya?" Ayeeyo aliyapiga kwa viganja, akavuta uso kwa maumivu. "Nasikia kuna baiskeli humu ndani. Mtoto atanibeba."

Hooyo alinitazama. Mimi nilitazama canjeero yangu. 

"Watu watasema nini?" Hooyo aliuliza taratibu.

"Watasema bibi kizee amepelekwa malka na mjukuu wake. Ni uongo?"

Hooyo akafungua fundo la garbasaar yake, ile shali ya kujifunika, akatoa ufunguo.

Tulikunja blanketi mara nne tukalifunga juu ya keria. Ayeeyo alipanda kwa upande, akanishika kiunoni kwa ile mikono yake ya kamba hata pumzi ikanipungua. Nilisukuma pedali. Baiskeli ilipepesuka kama mlevi, tukapita mbele ya mlango wa Mama Deeqa, naye alikuwa amesimama hapo hapo, ufagio mkononi, mdomo wazi.

"Asalaam aleikum!" Ayeeyo alimwita kutoka nyuma yangu. "Samahani, sisimami. Ninapelekwa!"

Njia ya malka ilianzia mwisho wa bulla, ikashuka kwenye mashamba ya migomba na matikiti kando ya mto Tana. Ghafla joto lilipungua na hewa ikanuka udongo mbichi na majani ya mwembe. Palikuwa na mfereji wa maji uliovukwa kwa magogo mawili ya mkoma, na hayo ndiyo yaliyoizuia njia ile isipitwe na gari lolote. Baada ya magogo ulisikia mashine za kupandisha maji kwa mbali, ndege, na mnyororo wa baiskeli yetu ukilalamika. Hapakuwa na honi wala vumbi la malori.

Ayeeyo aliiongoza baiskeli kama ngamia. Tukikaribia kona alitoa sauti ya ulimi, ile ya kumgeuza mnyama, na nilipoenda kasi alisema "hoo, hoo" akinigonga ubavuni. Siku hiyo ya kwanza tuliangukia kwenye tope la mfereji. Nililia kwa hofu nikidhani nimemuua. Yeye alikaa katikati ya tope, dirac yake, lile gauni pana, imegeuka rangi ya kahawia, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Mwiba wa mathenge ulitutoboa tairi tulipokuwa karibu kufika. Mwenye shamba la hapo, Mzee Komora, aliacha jembe akaja kutusaidia. Ni yeye aliyenionyesha kuitafuta pancha kwa kuzamisha tyubu kwenye karai la maji, kuikwaruza, kuipaka gundi na kusubiri.

"Usiwe na haraka," aliniambia. "Gundi ikauke kwanza ndipo ubandike."

Ayeeyo alijua Kiswahili kidogo cha sokoni, akakitoa chote.

"Hii shamba yako fizuri sana," alimwambia. "Bunda iko?"

"Punda wapo wawili, mama."

"Mimi mbuzi yangu kufa yote. Sita tu nabaki."

Mzee Komora alitikisa kichwa kwa huzuni, akatukatia kichane cha ndizi. Kutoka siku hiyo tulisimama kwake kila safari, nao wakazungumza juu ya mvua kama watu waliojuana tangu utoto, mmoja mkulima, mmoja mfugaji, kila mmoja akielewa labda nusu ya maneno ya mwenzake.

Malka yenyewe ilikuwa imejaa: ng'ombe, punda, mbuzi mamia, vumbi na kengele za mbao. Ayeeyo alishuka kwenye keria akasimama akivuta hewa. Halafu aliona kitu ambacho mimi sikukiona. Chini ya kichaka mbuzi mmoja alikuwa amelala, akilia, na msichana mchungaji amepiga magoti kando yake bila kujua la kufanya. Mtoto tumboni alikuwa amegeuka vibaya. Ayeeyo alinipa garbasaar yake niishike, akaosha mikono mtoni, akapiga magoti.

"Bismillahi," alisema.

Alifanya kazi kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, akimwimbia mbuzi kwa sauti ya chini. Yule msichana alinishika mkono akaukaza. Mwishowe ulitoka mguu, kisha mguu mwingine, kisha mtoto mzima, mweusi, mtelezi, hapumui. Ayeeyo alimfuta pua, akampulizia, akamtikisa kichwa chini. Kitoto kikapiga chafya. Watu waliokuwa wamekusanyika wakasema "Mashallah" kwa pamoja, na mzee mmoja akamwuliza Ayeeyo anatoka wapi, watu wake ni nani. Walikaa wakihesabiana mababu hadi wakapata ndugu.

Jioni ile alikula sahani mbili za wali. Hooyo alimtazama akila, kisha akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo.

Basi tukawa twenda kila Jumamosi asubuhi na kila Jumanne baada ya shule. Lakini midomo haikufungwa. Wiki ya tatu alikuja Adeer, kaka mkubwa wa Aabo, mtu mzito mwenye bakora na ndevu zilizopakwa hina. Alikaa barazani, akakohoa, akasema amesikia mambo msikitini. Msichana wa ukoo wetu hawezi kupanda chuma mbele ya wanaume. Baiskeli iuzwe. Hooyo alimimina chai, na mimi nikiwa nyuma ya pazia nilijua mambo yamekwisha.

"Ni kweli," Ayeeyo alisema. "Umesema vizuri. Baiskeli ni aibu."

Adeer alitikisa kichwa, ameridhika.

"Basi Jumamosi njoo mapema," Ayeeyo akaendelea. "Utanibeba wewe mgongoni mpaka malka. Na saa ya kurudi usichelewe, jua hunichoma."

Nilimwona Adeer akilipima umbo refu la Ayeeyo kwa macho, kisha akivitazama viatu vyake. Hooyo aliziba mdomo kwa garbasaar. Adeer alimaliza chai yake, akaomba nyingine, akazungumzia bei ya ng'ombe, akaenda. Hakuna aliyetaja kuuza baiskeli tena.

Mvua ilinyesha baada ya mwaka na nusu. Ayeeyo alirudi Hulugho kwa lori la mizigo, na mimi nilimfungia nguo zake nikilia. Kufikia wakati huo bulla ilikuwa imenizoea. Mama Deeqa mwenyewe alinituma dukani, na mjukuu wake alipopata homa mimi ndiye niliyembeba pamoja na mama yake hadi zahanati. Niliendelea kwenda malka. Niliendesha hadi sekondari, na baadaye kazini, na hakuna aliyekumbuka kwamba palikuwa na siku jambo hilo lilikuwa mwiko. Miaka yote hiyo nilijivuna kimoyomoyo kwamba mimi ndiye niliyemponya bibi yangu huzuni.

Ayeeyo alifariki miaka sita iliyopita, akiwa amezeeka vizuri, mbuzi wake wamejaa zizi. Tulikwenda Hulugho msibani. Tukiwa tumeketi mkekani na wanawake, mama mdogo mmoja aliyeishi naye alisema marehemu alitembea kisimani kila siku, kwenda na kurudi, mpaka mwaka wake wa mwisho.

"Na magoti?" niliuliza.

"Magoti gani? Alilalamikia mgongo tu, ule mwaka aliotoka kwenu. Mwezi mzima tukimkanda. Alisema Garissa kuna kiti cha chuma kilichomvunja mifupa."

Wanawake walicheka. Mimi sikuweza. Nilihesabu kichwani Jumamosi zote na Jumanne zote, kila shimo nililompitisha, kila mzizi, na kila mara nilipomwuliza kama yuko sawa akanijibu nikanyage tu. Nilimgeukia Hooyo, ambaye sasa naye alikuwa na mvi.

"Ulijua?"

"Tangu siku ile ya kwanza," alisema. "Nilimwona alivyoruka juu ya keria. Mwanamke mwenye magoti mabovu haruki hivyo."

"Mbona ulitoa ufunguo?"

Hooyo alininyooshea ushungi uliokuwa umeteleza begani, kama anavyonifanyia hadi leo ingawa nina watoto wangu.

"Hata mimi nilitaka uendeshe," alisema. "Nilikuwa sina mtu wa kunisemea hilo."