Genge Lililoweza Kungoja

Kampuni yangu ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Overport, Afrika Kusini, lori moja, na genge la wanaume waliojua kutunza njia ya reli. Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Kila mtu hushika mtaimbo wake, mmoja huimba mstari, wengine huitikia, na kwenye neno la mwisho wote husukuma pamoja mpaka reli isogee. Ukikusanya wageni wenye nguvu kama fahali, huyu atawahi na yule atachelewa, halafu mtu aumie vidole. Genge hujengwa kwa miaka.

Kisha yakaja mafuriko. Maji yalichimba tuta la reli hadi vipande vya njia vikabaki vinaning'inia hewani. Wenye reli wakasimamisha kazi yetu mpaka tuta lijengwe upya, na hakuna aliyejua lini. Nikawaita wanaume wangu, nikawaambia sina mshahara wa kuwalipa. Nilijua pia kwamba genge likitawanyika, hata reli ikirudi sitakuwa na kampuni.

Nieleze jambo moja, maana ndugu zangu wa Kenya huniuliza sana. Hapa Afrika Kusini, mfanyakazi akiwa kazini hukatwa sehemu ndogo ya mshahara kwenda kwenye mfuko wa wasio na kazi, na mwajiri huongeza kiasi kilekile. Siku kazi ikikatika, mfuko humlipa sehemu ya mshahara wake kwa muda fulani. Hapati yote, na hatajirika. Lakini unga unapatikana, na kodi ya chumba inalipwa hata kama ni kwa kuchelewa. Kwa hiyo fedha ile haikutoka mfukoni mwangu wakati ule. Nilikuwa nimekwisha kuichangia, kama mtu anavyotoa kwenye chama miezi yote akingoja zamu yake.

Genge langu lilikwenda siku moja, kila mwezi, kusaini kwenye ofisi ya mfuko kwamba bado hawana kazi. Wakitoka kwenye foleni walishuka pamoja hadi soko la Warwick, kwa akina mama wanaochemsha vichwa vya ng'ombe, wakala nyama kwa chumvi na pilipili juu ya ubao mmoja. Nami nikaanza kwenda. Mwanzoni nilikwenda kwa hofu tu, nihakikishe bado wapo.

Kiongozi wao alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, baba yake na babu yake wote watu wa reli. Tulimwita kapita, kama wanavyowaita wasimamizi kwao, naye aliniita patroni, yaani bosi. Siku moja nilimnong'oneza kwamba nina majani ya kufyeka nyuma ya ofisi, nitamlipa mkononi, bila maandishi.

"Patroni," akasema, kwa sauti ya kusikika na ubao mzima, "miye nasaini kule kama sina kazi. Sasa unataka nifungwe juu ya majani?"

"Angalau ingekuwa kwa wizi wa ng'ombe!" akadakia mwingine. Wakacheka mpaka mama wa nyama akacheka. Majani nikayafyeka mwenyewe.

Miezi ikaenda. Muda wa malipo ulipokaribia kwisha, tuta lilikuwa bado halijakamilika. Kapita akaniambia ana shemeji Cape Town, mlinzi wa maghala, aliyemtafutia nafasi. Alikuwa ameshauliza nauli ya basi. Mtu ana watoto.

Ndipo wale waliochangia miaka mingi wakaambiwa muda wao umerefushwa. Rafiki yangu mmoja wa Berea, naye mwajiri, alinionea huruma. "Eish, umekwisha. Watalala mpaka wasahau koleo linavyofanana." Nilimwelewa. Anayeajiri huogopa kwamba mtu akilipwa bila kazi ataichukia kazi. Lakini kapita hakupanda basi. Wengine walioanza kuulizia kazi za ulinzi nao wakatulia. Mimi nilikuwa nimewapoteza tayari moyoni, na mfuko ukanishikia. Hadi leo nikiona ule mchango kwenye hesabu za mishahara, naulipa kwa shukrani.

Ila sitaki kueleza upande mmoja tu. Mtu anayeweza kungoja anaweza pia kukukataa.

Siku moja ya kusaini, tuta likiwa karibu kumalizika, alikuja pale kwenye nyama mwajiri mwingine, mkubwa kuliko mimi, mwenye kazi ya reli huko bara. Aliwatazama mikono na mabega.

"Nawachukua kuanzia kesho," akasema. "Wenye nguvu tu. Mzee huyu abaki."

Mzee alikuwa Mzulu tuliyemwita Mkhulu, yaani babu. Goti lake moja lilikuwa limevimba tangu kabla ya mafuriko.

"Tutafikiri," kapita akajibu.

"Mfikiri nini? Si mna njaa?"

"Tuko nayo. Lakini hii njaa yetu imefundishwa adabu, inaweza kungoja mwezi."

Yule bwana akaondoka amekunja uso. Nikaanza kutabasamu, na kapita akanigeukia.

"Na weye, patroni? Unachukua batu wote, ao nusu?"

Kweli nilikuwa nimepanga nusu. Mkataba mpya ungeanza na kazi kidogo, na Mkhulu hakuwamo katika nusu ile. Wanaume wakaacha kutafuna. Mwaka mmoja nyuma ningesema nusu, nao wangekubali, kwa sababu watoto hawali urafiki. Safari hii wangeweza kuninyima genge zima.

"Msinitazame kama ng'ombe wa mnada," Mkhulu akasema. "Semeni."

"Wote," nikasema. "Lakini Mkhulu hatashika mtaimbo."

"Nitashika nini basi, kikombe cha chai?"

"Honi."

Kwenye kila genge lazima awepo mtu wa kusimama mbali mbele, kuangalia treni na kuwapigia wenzake honi watoke njiani. Nilikuwa nikiwapa vijana kazi hiyo kwa zamu, nao walikuwa wakitazama simu. Mkhulu alifikiri, akachukua kipande kingine cha nyama. "Sharp," akakubali.

Niliwalipa wote kwa shida miezi ile ya kwanza, na lori nikaliuza nikanunua dogo zaidi. Sijutii. Siku ya kwanza kurudi kazini, honi ililia kabla hatujachoka hata kidogo. Wanaume wakatupa mitaimbo, wakaruka kando. Tukasimama. Hatukuona treni wala kusikia chochote.

"Mkhulu!" kapita akapaza sauti. "Treni yako iko wapi? Bado iko Pinetown?"

"Inakuja!" mzee akajibu kutoka mbali. "Kaeni hapohapo!"