Majani ya Nyumba ya Tatu

Juzi kwa muuza maua nilisikia harufu ya mkaratusi, nikajikuta nimejifunika koti kichwani.

Bibi hakuamini dawa ya chupa. Mafua yakitukamata pale Walthamstow, ughaibuni tulikohamia, tulifunikwa blanketi pamoja na sufuria ya majani yanayofuka mvuke, tukafukizwa mpaka tulie. Majani aliyachuma baada ya sala ya alfajiri kwenye bustani ya nyumba ya tatu. "Jani la dawa halina mwenyewe," alisema. Mwenyewe alikuwepo. Alikuwa Mzungu aliyeleta mkaratusi mfupi wa nchi kavu ya Australia, akautilia mchanga na mawe ili usione ugeni.

Siku moja alibisha hodi, pua nyekundu. Nilitoka chini ya blanketi kumsikiliza. Alitaka nimuulize Bibi kama amemwona mtu anayeunyonyoa mti wake.

"Maskini mwana wa watu, mafua yamemshika," alisema Bibi kabla sijatafsiri. Akamvuta ndani, akamkalisha, akatufunika sote wawili.

Tulitoka jasho goti kwa goti. Nilimwomba Mungu pua ile isizibuke. Ikazibuka. Mzungu akavuta pumzi ndefu, akauliza majani mazuri namna hii tunayapata wapi.

Nikatoa kichwa, nikamuuliza Bibi.

"Mwambie kwa jirani, nyumba ya tatu. Simjui, lakini Mungu amzidishie."

Nikarudi chini ya blanketi na uongo wangu wa kwanza wa Kiingereza: sokoni.

Akashukuru sana, akaniomba Jumamosi nimpeleke.