Jua la Kuanikia

Mtaa wetu hapa Machakos ulikuwa wa nyumba ndogo za mawe na mabati, kila moja na uwanja wake wa udongo. Kwa mama, uwanja ndio uliokuwa nyumba hasa. Hapo alitwanga mahindi kwenye kinu mpaka maganda yakatoka, akayaanika juu ya gunia, kisha akayapepeta. Ndiyo muthokoi hiyo, na hapa kwetu mtu asiyeila tunamtazama mara mbili. Wateja walikuja wenyewe. Mabroka wa ploti nao walikuja, akawafukuza na mwiko mkononi. Baba alipofariki, niliogopa kitu kimoja tu: siku mama atakapokubali kuuza.

Jirani wa upande wa mashariki ndiye aliyeanza kuuza. Mnunuzi alitoka Nairobi, akabomoa, akainua ghorofa nne za kuishi yeye, mke na mtoto mmoja. Sijui huwa wanatafutana kwa simu humo ndani. Jua la asubuhi likatutoka. Haukupita muda, upande wa magharibi nao ukainuka, la jioni likaenda.

Muthokoi isipokauka hushika ukungu, na mteja akishanusa ukungu harudi. Mama akawa anaburuta gunia lake akifuata kipande cha mwanga, adhuhuri yuko katikati ya uwanja, baadaye kidogo amebanwa ukutani. Alijaribu kando ya barabara, magari ya hao majirani wapya yakammwagia vumbi. Roho iliniuma sana kumwona akiokota punje moja moja na kuzipuliza.

Nikaenda kwa yule wa ghorofa nne nikiwa nimefura. Nilitaka anitukane nami nimtukane, tumalizane. Kumbe ni mtu mzuri, na hilo liliniudhi zaidi. Alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Shosho aje aanike kwetu juu," akasema. "Kule hakuna mtu hutumia."

Basi Jumamosi nikabeba mahindi, mama akanifuata. Ngazi zilikuwa zinang'aa, akavua viatu bila kuambiwa. Huko juu jua lilikuwa la kutosha kuanika mavuno ya kijiji kizima, nami nikafurahi, nikatandaza gunia haraka haraka. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama ukingoni akitazama chini.

"Ile ni ya nani?"

"Gani, mwaitu?"

Akanyoosha kidole. Mabati yaliyoliwa na kutu, mawe juu yake ya kuzuia upepo, bafu la magunia lisilo na paa, kamba yenye nguo zake za ndani. Ukuta wa mbele, ule anaoupaka rangi kila Krismasi, hauonekani kutoka kule.

"Ni yetu," nikasema.

Akavuta leso akajifunika mabega, na jua lote lile.

"Kwa hivyo nikioga wananiona."

Nilimwambia hakuna anayetazama, watu wana kazi zao. Alikunja gunia mahindi yakiwa bado mabichi, akashuka ameshika ukuta. Nyumbani akaanua nguo zake, akaingiza kinu ndani, akafunga mlango mchana kweupe. Nilimkuta ameketi kitandani.

"Mwambie yule mtu, kama anataka hii pia, achukue," akasema. "Mimi sitatoka tena hapo nje."

Nilikaa naye hapo gizani mpaka nikaona ni saa ya kumpikia chai.