Silvano wa Kamati Zote

Silvano halimi, havui, na ukimpa jembe atakuuliza kama kuna posho. Kazi yake ni kamati. Ulipokuja mradi wa vyandarua alikuwa mjumbe. Ulipokuja wa vyoo bora akawa katibu, na wakati huo choo cha kwake kina pazia la gunia. Kwenye mradi wa miti alikuwa mwenyekiti, na miti yote ikafa. Sisi majirani zake wa Lipangalala tumeshamzoea. Gari jeupe likiingia mtaani, kabla vumbi halijatulia yeye ameshavaa shati la mikono mirefu na yuko barabarani anaelekeza pa kuegesha.

Basi ukaja mradi wa kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Maneno ni marefu, lakini jambo lenyewe tunalijua hapa mjini. Anakuja mtu na ahadi ya shule au kazi nzuri, anaondoka na mtoto, na mtoto anaishia kufungiwa kwenye nyumba ya watu, anafua na kupika bila mshahara, au anapelekwa pabaya zaidi ya hapo. Wafadhili wakatoa fedha ili jamii ijilinde yenyewe. Kwa mahesabu ya shirika lao, jamii ni Silvano.

Mimi naitwa Agnella, napika chakula cha shughuli, na semina zao zote nimezipikia mimi. Ninayosema niliyaona nikiwa na mwiko mkononi.

Huku bondeni masika ni msimu wa kuhama. Mpunga wetu hauko mjini, uko kule tambarare, Michenga na kuendelea, na mwenye shamba anahamia hukohuko. Anajenga dungu, analala juu ya maji na mbu, anafukuza ndege mpaka avune. Watoto wanaosoma wanabaki mjini na funguo za nyumba. Mkubwa anampikia mdogo, jirani anachungulia jioni. Hata sisi tulilelewa hivyo. Na wachukuaji wa watoto wanaujua msimu huo kuliko bwana shamba, maana ndio wakati nyumba hazina mzazi.

Sasa semina ya wazazi iliwekwa lini? Mwezi wa tatu. Nilimfuata afisa mradi, Dionisi, kijana msafi mwenye viatu vya ncha ambavyo havijawahi kukutana na tope.

“Mwanangu,” nikamwambia, “hao wazazi wako mashambani. Wafuateni huko. Au hizo fedha walipeni akina mama wachache walale na hawa watoto mpaka mavuno.”

“Wazo zuri sana, mama,” akajibu, “ila haliko kwenye bajeti. Mwaka huu tunajenga uelewa. Halafu gari litakwama.”

Hilo la gari nililiamini.

Siku ya semina viti vilikuwa vingi na watu hakuna. Wageni kutoka makao makuu walitaka picha ya ukumbi uliojaa, basi Silvano akatoka mbio kwenda stendi kuokota watu. Alirudi na vijana wa bodaboda, mzee mmoja aliyekuwa anasubiri basi lake, na mwanamke mmoja mnene wa kitenge kipya aliyejiita Mama Omega. Huyo alijua kukaa mbele. Aliuliza maswali, aliitikia kila neno, na palipostahili kusikitika alisikitika. Silvano alifurahi mpaka akapendekeza awe mjumbe wa kamati, wakampigia makofi, wakampa fulana ya njano iliyoandikwa mgongoni “Linda Mtoto.” Hakuna aliyemuuliza anaishi mtaa gani. Nilimuuliza mimi, nikimpakulia nyama. Akasema yuko kwa ndugu. Nikamuuliza ndugu yupi. Akasema chakula ni kitamu sana.

Klementina ni mjane wa kaka yake Silvano. Ana mtoto mmoja tu, Oliva, wa darasa la sita, na ana shamba nje ya Michenga ambalo ndilo linalowalisha. Mwezi wa nne Mama Omega alimfuata huko, tope mpaka magotini na fulana ya njano mwilini. Tazama, gari la mradi lilishindwa kufika, yeye akafika kwa miguu. Akamwambia mradi umefungua bweni Morogoro kwa mabinti wanaobaki peke yao msimu wa kilimo. Chakula bure, shule bure.

Klementina si mjinga. Alipanda kwenye kichuguu penye mtandao, akampigia Silvano. Mimi nilikuwa uani kwa Silvano siku hiyo nadai sufuria zangu, nikasikia.

“Ndiyo, shemeji,” Silvano akasema, ameegemea ukuta kama mkuu wa wilaya. “Mama Omega? Namfahamu vizuri, huyo ni mwenzetu wa kamati.” Akasikiliza kidogo. “Wa kuaminika kabisa. Amehudhuria semina.”

Akakata simu. Hakumuuliza shemeji yake huyo mama anataka nini huko porini. Na mimi nilipomuuliza Silvano shemeji yake alikuwa na shida gani, akaniambia ni mambo ya mradi, siwezi kuyaelewa.

Jumamosi asubuhi nilipita kumchungulia Oliva kama kawaida, nikakuta kufuli mlangoni. Watoto wa jirani wakaniambia ameondoka na begi lake, yuko na yule mama wa fulana ya njano. Nikampigia Klementina. Alikuwa ametulia kabisa.

“Si amekwenda kwenye bweni la mradi, dada Agnella? Shemeji anajua.”

Nilikwenda kwa Silvano nikamkuta anapiga pasi suruali.

“Mradi wenu una bweni Morogoro?”

“Bweni gani?”

Nikamweleza. Nilimwona usoni jambo linavyomwingia, polepole, na nilidhani atatupa pasi tukimbie polisi. Hakuitupa. Aliisimamisha vizuri isiunguze kitambaa.

“Dada, tusikurupuke,” akasema. “Labda ni bweni la makao makuu, sisi wa chini hatujaarifiwa. Jumatatu wageni wanakuja na mfadhili mwenyewe. Tukienda polisi leo tutaharibu jina la mradi. Hebu tusubiri wapite.”

Nimewahi kuwadharau watu maishani, walevi, wezi wa kuku, hata mume wangu wa kwanza. Lakini hao wote niliwadharau kijuujuu tu. Mtoto wa kaka yake yuko njiani na mtu asiyejulikana kwao, na yeye anafikiria wageni. Nilimtemea mate mlangoni nikaondoka.

Polisi pale dawati la watoto hawakuniuliza habari za semina. Waliuliza amevaa nini na ameondoka saa ngapi, wakapiga simu mbele. Basi la Morogoro likasimamishwa njiani, Kiberege. Oliva alikutwa humo na wasichana wengine wawili ambao hata hawakuwa wanafahamiana naye. Mama Omega alikuwa ameona askari kwa mbali, akashuka kama anayekwenda kununua mahindi, akapotelea sokoni. Mpaka leo hajapatikana. Kama bado ana ile fulana, Mungu ndiye anayejua anaivaa wapi.

Jumatatu ukumbi ulijaa, safari hii bila kuokota mtu, maana mtaa mzima ulikuwa umesikia. Klementina alikuwa amerudi kutoka shambani, amekaa nyuma na mwanawe. Silvano akasimama mbele ya mfadhili na suruali yake iliyonyooka.

“Kamati yetu,” akasema, “kwa elimu tuliyoipata, imewaokoa mabinti watatu.”

Wageni wakapiga makofi. Dionisi alipiga kwa nguvu kuliko wote. Sisi wa Lipangalala tulimtazama tu.

“Mmoja wao ni mwanangu, damu yangu,” Silvano akaendelea. “Oliva, mama, njoo uwasalimie wageni.”

Oliva akaja. Ni mtoto mwembamba, na tangu Jumamosi alikuwa hajasema maneno mengi. Alianza mwanzo wa safu, akamwamkia kila mgeni, shikamoo, shikamoo, hata Dionisi ambaye hakuistahili. Alipofika kwa Silvano alimpita, akageuka kurudi kwa mama yake.

Silvano akacheka kidogo. “Na mimi baba yako mdogo, huniamkii?”

Klementina ni mtu wa kumchapa mtoto asiyemwamkia mkubwa, hata kama mkubwa mwenyewe ni mlevi amelala mtaroni. Tulimtazama. Alinyanyuka, akampokea Oliva, akamfunga vizuri kanga mabegani.

“Twende, mwanangu,” akamwambia. “Umeshawaamkia wakubwa wote.”