Kaseti ya Baba Kulwa Isiyokuwa na Chemko

Ninyi mliokimbia mchakamchaka pekupeku asubuhi ya baridi, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikigongana mfukoni, sina haja ya kuwaeleza Ushirombo yetu ilivyokuwa. Mnaijua. Mnakumbuka betri za redio zilizoanikwa juu ya bati zipate nguvu, na gololi zilizotufanya tuchelewe kuchota maji mpaka mama anaita majina yetu yote mawili. Mnakumbuka pia magitaa yetu: galoni tupu la mafuta, ubao, na nyuzi tulizozichomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli.

Waya wangu niliutoa kwenye baiskeli ya baba. Siku moja aliteremka mteremko wa misheni, akabana breki, breki haikuwepo. Alijikwamua kutoka kwenye shamba la pamba la watu, akafika nyumbani na majani kichwani, akanikuta uani napiga muziki. Alisimama akasikiliza kidogo.

"Angalau ungekuwa unajua kupiga," alisema. Ndipo akatafuta fimbo.

Tuliyekuwa tunamwiga ni Baba Kulwa. Alipiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya dansi iliyozunguka Kahama na Shinyanga mpaka Geita, watu tisa ndani ya gari moja bovu. Alikuwa na mapacha, Kulwa na Doto. Mimi na Kulwa tulikaa dawati moja kuanzia darasa la kwanza. Tulikula kiporo cha kwao na cha kwetu, na mama zetu waliacha kuuliza ni nani kalala wapi.

Tulipofika darasa la sita Baba Kulwa alikosana na kiongozi wa bendi, akatoka. Wengi walidhani atarudi baada ya wiki. Yeye akaenda Mwanza peke yake, akarekodi nyimbo nane, akarudi na boksi la kaseti begani. Kaseti ya kwanza aliileta kwenye mgahawa wa baba yangu, ambako kulikuwa na redio kubwa kuliko zote mtaani.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Watu walijaa, wengine wamevaa viatu vya dansi kabisa. Wote tunajua wimbo wa dansi ulivyo: kwanza maneno taratibu, halafu chemko, pale magitaa yanapochanganya na kila mtu anainuka. Wimbo wa kwanza ukaanza taratibu. Wanaume wawili wakasimama mapema, wakakunja mikono ya mashati. Wakangoja. Wimbo ukaisha. Wa pili ukaanza, bado wamesimama. Nao ukaisha hivyo hivyo, gitaa moja na sauti moja ya mtu anayeongea na moyo wake.

Nilikuwa nyuma ya meza napanga vikombe. Sijui nini kilinituma. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Baba Kulwa, chemko umelisahau Mwanza?"

Mgahawa mzima ulicheka. Baba Kulwa naye alicheka, akatoa kaseti kabla ya wimbo wa tatu. Baba hakucheka. Alinunua nakala moja, akaiweka mfukoni, akaniambia nikaoshe vikombe ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Kama ningeishia hapo, lingekuwa kosa la mtoto la siku moja. Lakini nilikuwa nimeonja utamu wa kuchekesha watu wazima. Jumatatu kwenye mchakamchaka ilikuwa zamu yangu kuongoza. Nikaita, "Chemko!" Shule nzima ikajibu, "Liko Mwanza!" Njia yetu ilipita mbele ya nyumba ya kina Kulwa. Tulipita tukiimba, miguu inapiga vumbi, na Kulwa alikuwa mstari wa pili nyuma yangu, anakimbia amefunga mdomo. Niligeuka nikamwona. Nikaita tena, kwa nguvu zaidi.

Wimbo huo uliimbwa muhula mzima. Sokoni watu walimwuliza Baba Kulwa kama Mwanza wameshampa lile chemko. Boksi la kaseti lilirudi ndani ya nyumba karibu limejaa. Kulwa alihamia dawati la nyuma, na kabla ya mavuno baba yake aliuza gitaa, akahamisha familia yote kwenda Geita kuchimba dhahabu. Siku wanapakia vyombo nilikaa ndani, nasoma kitabu nilichokishika juu chini.

Mwaka huu mke wangu, Bibi Neema, alikuwa anasafisha sanduku la bati la marehemu baba. Akatoka na kaseti mkononi. "Hii nayo nitupe?" Nilimpelekea fundi redio ya zamani, nikakaa kibarazani mchana kutwa, nikasikiliza nilichokuwa nimekizuia watu wasisikie.

Ndugu zangu, tulikuwa wajinga. Wimbo wa kwanza ni barua ya mke kwa mume aliyekwenda machimboni, na gitaa linatembea kama mtu anayekwenda njiani na kugeuka kutazama kama kuna anayekuja. Ukiweka chemko pale, huyo mwanamke unamdhulumu. Wa tatu, ambao hatukuufikia, unamhusu mama anayepepeta mpunga, na unasikia mdundo wa ungo kwenye nyuzi. Mjukuu wangu Neema alipita na vile vidude vyake masikioni, akakaa dakika moja nzima. Kwa kizazi chao hiyo ni kesha. Kwa kawaida wimbo ukifika neno la pili keshauruka, eti unachelewa kuanza.

Nikaulizauliza, nikaambiwa Baba Kulwa yupo Kalangalala, pale Geita, kwa binti yake. Nikaenda. Doto alinifungulia mlango, ana kisu na kiazi mkononi. Alinitazama mpaka akanikumbuka.

"Wa mgahawani," alisema. "Ingia. Baba macho yamechoka, ila masikio yapo."

Nikamwambia mzee shikamoo. Akaitika marahaba, akaniuliza habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe. Nikashindwa kungoja.

"Baba, ule wimbo wa mchakamchaka niliuanzisha mimi."

"Najua. Sauti yako ilikuwa inafika kabla ya miguu."

"Gitaa uliliacha kwa ajili yetu?"

Alifikiri. "Niliacha kwa ajili ya dhahabu. Na kwa ajili ya kuchoka kucheka pamoja nanyi. Sitakudanganya ni kipi kilikuwa kizito." Kisha akasogeza kiti. "Umeisikiliza?"

"Yote. Mara tano."

"Basi niambie upi mbaya."

Nilikuwa nimekuja na sifa, zimejaa kifuani kama gunia la pamba. Nikazitazama zote, nikaziacha. "Wa ng'ombe," nikasema. "Beti saba, na kila beti unarudi kwenye pembe."

Doto aliacha kumenya. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongo na binti yake. "Yule alikuwa ng'ombe wa baba mkwe," alisema alipopata pumzi. "Wewe ungefanyaje?" Akajifuta macho kwa kiganja. "Huo uko upande wa pili, wimbo wa mwisho kasoro mmoja. Wewe ndiye mtu wa kwanza kufika huko. Wabeja, mwanangu, asante."

Nilipoaga, Doto alinipa namba ya Kulwa, ambaye sasa anauza dagaa Nkome, kando ya ziwa. "Piga mwenyewe," alisema. "Mimi siwezi kukuombea."

Huwa tunawacheka vijana kwa simu zao, na tuna haki kiasi. Lakini wao wimbo wakiuchoka wanauruka kimya kimya, mwenyewe hajui. Sisi tuliuacha kwa gwaride, mbele ya mlango wa mtunzi, mtoto wake akiwa mstarini.

Enzi zile kutoka kwetu hadi kwa kina Kulwa zilikuwa hatua arobaini, nilizihesabu tukicheza, na sikwenda. Leo simu inafika Nkome kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Inaita, inaita, inakata. Nimepiga Jumapili tatu mfululizo baada ya misa. Ya nne nitapiga tena.