Mto Ambao Bi Kasia Hakuwauzia Wateja

Ukitaka kujua mahali pazuri pa kupiga kasia, usijisumbue na ramani, panda ngazi zilizo kando ya duka la vitasa na misumari, uingie ofisi ya safari ya ghorofa ya pili, umuulizie Bi Kasia. Jina hilo alibandikwa na wafanyakazi wenzake, likamganda. Kazi yake ni kuuza safari za kayaki, ile mitumbwi myembamba ya plastiki ya watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Na kuuza anajua, usicheze! Yule mama ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Watu wameingia pale kuuliza benki iko wapi, wakatoka na safari ya ziwani.

Kila mtu alimkatia nguo ya saizi yake. Wanaopenda ukimya aliwapeleka ziwa la milimani, akawasihi waingie majini kabla upepo haujaamka, waone kilele cha mlima kimesimama kichwa chini miguu juu. Wenye watoto, mikokoni, kwa kuwa maji ni ya kiunoni na ndege wa kule hawana habari na binadamu. Vijana wenye damu ya moto aliwatupia mto wa maporomoko. "Mkirudi wazima wazima mje mnishukuru," aliwaambia, "na mkivunjika mguu, mimi simo."

Picha za sehemu zote hizo zilijaa ukutani, juu mpaka chini. Sehemu moja tu haikuwa na picha, wala hakuitaja kwa mteja.

Aliiona alipokuwa mgeni kazini, alipotumwa kukagua mito ya mbali. Ulikuwa mto mtulivu unaopita katikati ya kuta mbili ndefu za mawe meupe, maji yake safi kiasi kwamba samaki walionekana kama wananing'inia hewani. Jamani, alilia! Mtu mzima, kasia mkononi, analia peke yake. Ufukweni palikuwa na mama mmoja mwenye kibanda na mitumbwi michache ya kukodisha. Alimshika mkono wakati wa kuagana, akamwambia, "Dada, tuletee wageni. Huku hatujulikani." Bi Kasia akaitikia kwamba atawaleta.

Hakumleta hata mmoja. Si kwa ubaya, hapana. Alijua wateja wake wanavyokuwa: leo umewaonyesha mahali, kesho pamejaa muziki na chupa tupu. Huu mto, alijiambia, ni wangu na mume wangu. Akarudi ofisini, akaandika kwamba mto ule haufai kwa wageni, akafunga mdomo.

Mumewe ni mchoraji wa mabango, mtu wa rangi na brashi, suruali yake yenyewe bango tosha. Alipoambiwa habari za mto ule alichangamka kama mtoto. "Lini sasa?"

"Msimu ujao."

Msimu ujao ukaja na wateja wake. Uliofuata, paa likavuja. Kisha ada za watoto, kisha harusi ya shemeji, kisha ofisi ikapungukiwa watu. Mwanamume akapigwa danadana mpaka nywele zikaanza mvi. Mara nyingine alijaribu kujishusha. "Basi twende hata pale mikokoni. Si unapeleka watu kila Jumamosi?"

"Aa wapi! Mikokoni ni pa kila mtu," mkewe alimjibu. "Wewe nimekuwekea pako."

Hebu niambie, mtu akiambiwa hivyo atasema nini? Alicheka, akaenda zake kuchanganya rangi.

Halafu siku moja akachora bango la duka la dawa, herufi zikapanda juu kama zinakwenda kulala darini, naye hakuona kasoro yoyote. Mwenye duka alidhani amelewa. Bi Kasia akampeleka kwa daktari wa macho. Daktari aliwaeleza taratibu kwamba ni presha ya macho, imeshakula pembeni kote na amebaki anaona kwa katikati, kama anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki watajitahidi kukichelewesha, lakini nacho kitakwenda. "Kama kuna kitu unatamani kukiona, baba," alimalizia, "usingoje."

Bi Kasia hakungoja tena. Aliomba likizo akiwa bado amesimama mlangoni kwa bosi, akafunga mkoba, wakaondoka. Njia nzima roho ilikuwa juu, akiomba tu mvua isinyeshe ikaharibu maji.

Mvua haikunyesha. Walipoikaribia kona ya mwisho walisikia mashine kabla ya kuona chochote. Ukuta mmoja wa mawe meupe haukuwepo. Wa pili ulikuwa umemegwa nusu, malori yamejipanga chini yake, vumbi limetanda, na mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Mama wa kibanda alikuwepo bado. Sasa anauza soda kwa madereva. Alimtazama Bi Kasia kwa muda, kisha akamkumbuka.

"Dada wa safari! Umekuja leo?"

"Imekuwaje hapa?" Bi Kasia aliuliza.

"Walikuja watu wa kokoto. Kwenye mkutano wakatuuliza, hapa mna wageni wanaokuja kutembea? Tukatazamana. Tungesema nini, na hakuna anayekuja? Ungetuletea hata wachache, tungekuwa na cha kutetea." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Bi Kasia. "Mtumbwi mmoja ninao. Kama mnautaka, chukueni tu."

Mume akasema wauchukue, maadamu wameshafika. Bi Kasia alimketisha mbele, yeye akakaa nyuma, wakapiga kasia hadi kelele zikapungua kidogo.

"Maji machafu, au ni macho yangu?" mume aliuliza.

Angeweza kumdanganya. Maneno anayo, kazi yake ndiyo hiyo. "Ni maji," alijibu. "Na ni mimi. Niliwaficha watu mahali hapa ili pawe petu. Nimepaharibu mwenyewe, mume wangu. Nisamehe."

Mume alilaza kasia mapajani. Hakugombeza. Laiti angegombeza!

"Mimi sikuwahi kutaka mto," alisema mwishowe. "Kila jioni unarudi nyumbani unasifia hivi vidude vya mitumbwi, na mimi sijakuona ndani yake hata siku moja. Nilitaka nikuone wewe humu, umelowa, unacheka. Basi. Hata kwenye bwawa la ng'ombe ningeridhika."

Bi Kasia alilikumbuka lile ombi la mikokoni. Miaka yote ile, kila Jumamosi, mikoko ilikuwa pale pale.

"Nipeleke kando nigeuke," mume alimwambia. "Huku mbele sikuoni."

Akausogeza mtumbwi kwenye mchanga. Mume aliinuka kwa kupapasa, akageuka, wakakaa wakiangaliana, magoti kwa magoti.

"Haya. Cheka basi."

Alijaribu, Mungu anajua alijaribu. Alifungua mdomo, kikatoka kilio. Akajifuta uso kwa maji yale machafu, akajaribu tena, ikawa vilevile. Mume hakumhimiza. Alikuwa anageuza kichwa polepole, kushoto, kulia, akiukusanya uso wa mkewe kipande kwa kipande: nywele, shavu, macho yaliyovimba, mdomo unaotetemeka. Alitazama kwa muda mrefu sana, maana uso huo ndio aliopewa.